Rejeta Ikivuja, Usiongeze Maji Tu

Johannesburg iko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Mwenye pikapu ya dizeli iliyokula miaka anapaswa kuanzia hapo kabla hajaulizia bei ya spea, kwa sababu kimo hicho ndicho kinachoamua injini yake itavumilia kwa muda gani pale rejeta inapoanza kuvuja. Dar es Salaam au Mombasa, maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Johannesburg huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Thamostati ya injini nyingi za dizeli za Kijapani za zamani huanza kufunguka kwa nyuzi 82. Kwa hiyo rejeta ikipoteza shinikizo, gari la pwani lina nafasi ya nyuzi 18 kati ya joto lake la kazi na kuchemka, na gari la Johannesburg lina nyuzi 12. Thuluthi ya kinga imeshaondoka kabla halijapakiwa hata gunia moja. Hewa yenyewe nayo ni nyepesi kule juu, pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 ikilinganishwa na ya pwani, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo inapopita katikati ya mapezi ya rejeta. Msomaji wa Nairobi, mji ulio juu karibu sawa na huo, achukue hesabu hii kuwa yake pia.

Kinachorudisha kinga iliyopotea ni shinikizo. Mfuniko wa rejeta ulioandikwa 0.9 hushikilia kilopaskali 88 hivi juu ya shinikizo la hewa ya nje, na maji yaliyofungwa chini ya mfuniko huo hayachemki Johannesburg mpaka yafike nyuzi 115. Lakini shinikizo halikai kwenye chombo kilichotoboka. Ufa mwembamba kama unywele, ambao mwenye gari anauona ni jambo la kuongeza lita moja ya maji kila Jumatatu, tayari umeshusha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20. Ndiyo maana nasema kwamba katika pikapu ya dizeli ya zamani rejeta ya alumini na plastiki inayovuja ni ya kubadilishwa, si ya kuzibwa wala kuongezewa maji. Na kwamba mwenye gari aliye na ua na spana za kawaida ana sababu nzuri ya kuifanya kazi hiyo mwenyewe nyumbani. Sababu hiyo inapita suala la kuokoa fedha ya fundi, na nitaifikia.

Pikapu ninazozizungumzia zinajulikana kila mtaa wa Johannesburg, ambako huitwa bakkie na watu wa lugha zote. Ni Toyota Hilux za injini za 2L, 3L na 5L, zilizoundwa kiwandani Prospecton, Durban, na ni Isuzu KB, jina lililodumu Afrika Kusini hadi 2018 lilipobadilishwa kuwa D-Max. Zinabeba mbao, mabomba, masofa ya wanaohama na mboga za sokoni. Miongoni mwa wanaozimiliki wamo Wakongo wa Yeoville, Wasomali wa Mayfair na Watanzania waliotawanyika kati ya mitaa hiyo, na wengi wao hawazitumii mjini tu. Pikapu ileile iliyozoea safari fupi za mtaani siku moja hupakiwa hadi juu na kuelekezwa kaskazini kwa barabara ya N1, zaidi ya kilomita 500 hadi Beitbridge, kisha Zimbabwe, kisha milima ya bonde la Zambezi karibu na Chirundu, halafu Zambia yote hadi Nakonde na Tunduma. Ufa uliovumilika kwa miezi Johannesburg hufunguka kwenye mwinuko wa Zambezi, mzigo ukiwa mgongoni na joto likiwa kali, mahali ambapo spea haipatikani. Tena Afrika Kusini haina ukaguzi wa kila mwaka kwa pikapu binafsi ya kawaida. Cheti cha ubora wa gari hudaiwa hasa linapobadilisha mmiliki. Mtu anaweza kukaa na pikapu yake miaka kumi bila jicho la mkaguzi kuingia ndani ya boneti. Mlinzi wa rejeta ni mwenyewe.

Rejeta za leo zina kiini cha alumini na matangi mawili ya plastiki, la juu na la chini, au la kushoto na la kulia. Tangi limebanwa kwenye kiini kwa meno madogo ya alumini yaliyokunjwa, na katikati kuna gasketi ya mpira. Plastiki hiyo ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, na adui yake ni mzunguko wa kupata moto na kupoa, maelfu kwa maelfu. Ukitaka kuona ilivyochoka, iangalie pale mpira wa juu unapoingia. Plastiki iliyokuwa nyeusi imegeuka kahawia, imepoteza mng'ao, na ukiikwaruza kwa ukucha inatoa unga. Kwenye mstari wa meno ya alumini kuna ukoko mkavu wa kijani, mweupe au wa kutu. Huo ni kulanti, maji ya rejeta yenye dawa, iliyopenya ikiwa ya moto, ikakauka kabla ya kudondoka. Ndiyo maana mwenye gari huapa kwamba rejeta yake haivuji, kwa kuwa hajaona tone sakafuni. Inavuja ikiwa na shinikizo tu, barabarani, na feni hupeperusha ushahidi.

Uvujaji huo unaua injini kwa njia ambayo geji ya joto haionyeshi. Maji yakipungua, hewa huingia na kukaa mahali pa juu kabisa pa mfumo, na katika injini nyingi mahali hapo ni ndani ya silinda hedi. Kihisi cha geji kimeundwa kupima maji. Kikizungukwa na mvuke hakisomi sawasawa, na mshale unaweza kubaki katikati au hata kushuka wakati chuma kinaungua. Injini za 2L, 3L, 5L, na hata 1HZ ya Land Cruiser, zina vyumba vidogo vya mwako ndani ya hedi yenyewe, ambako dizeli huanza kuwaka kabla moto haujatoka kwenda kwenye pistoni. Chuma kilicho kati ya chumba hicho na valvu ni chembamba na kinategemea maji kila sekunde. Kikikosa maji kwa dakika chache hupasuka, au gasketi ya hedi huungua, au hedi hupinda. Hapo kazi iliyokuwa ya siku moja na rejeta moja inageuka kazi ya kushusha hedi, kuipeleka kwenye mashine ikasawazishwe, kununua gasketi na bolti mpya, na pengine kutafuta hedi nyingine kabisa.

Kwa sababu hiyo hiyo, asiyechunguza kwanza atabadilisha rejeta mbili. Gasketi ya hedi iliyoanza kuungua hupeleka gesi ya mwako kwenye njia za maji, na shinikizo la gesi hiyo linaweza kupasua tangi la plastiki lililokuwa bado na uhai. Mwenye gari huona rejeta imepasuka, anafunga mpya, na baada ya wiki mbili nayo inapasuka. Kisha analaumu spea ya Kichina. Uchunguzi hauhitaji maabara. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, washa, uangalie shingo ya rejeta. Mapovu machache ya mwanzo ni kawaida, lakini yanayoendelea bila kukoma na kuongezeka ukikanyaga mafuta ni gesi. Angalia kijiti cha oili na mfuniko wa kujazia oili: oili iliyogeuka rangi ya maziwa imechanganyika na maji. Angalia moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto. Na shika mpira wa juu dakika moja tu baada ya kuwasha asubuhi. Ukiwa tayari mgumu wakati maji bado ni baridi, shinikizo hilo halitokani na joto. Mwenye pampu ya mkono ya kupimia shinikizo la rejeta, au anayeweza kuiazima, atapata jibu la uhakika zaidi, maana atalipandisha shinikizo injini ikiwa imezimwa na kuona kwa macho maji yanatokea wapi. Mara nyingine itakuwa ni klampu iliyolegea au wota pampu inayotoa maji kwenye tundu lake la chini, na rejeta haina kosa.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni kukuza jambo: maji ni bure, chupa iko kwenye gari, ongeza uendelee. Hoja hiyo ina nguvu ya mazoea, na kwenye nchi ya joto isiyojua sakitu inaweza kumdanganya mtu kwa miaka. Lakini kila lita ya maji matupu inayoongezwa inapunguza nguvu ya kulanti iliyomo. Kazi ya kulanti ni pana kuliko kuzuia kuganda. Dawa zilizomo hulinda alumini, chuma na risasi ya kulehemia visiliwe. Katika malori makubwa ya dizeli yenye silinda zinazoguswa na maji moja kwa moja, ukuta wa silinda hutikisika kila mara dizeli inapowaka, vipovu vidogo hutokea nyuma yake na kupasuka, na kila kimoja kinapopasuka hung'oa chembe ya chuma. Baada ya muda ukuta hutoboka. Dawa iliyo ndani ya kulanti hutandaza utando unaochukua pigo hilo badala ya chuma. Maji ya bomba hayana utando wowote. Yana chumvi na oksijeni.

Na Johannesburg si nchi isiyojua sakitu. Usiku wa Juni na Julai vipimo hushuka hadi kugusa sifuri na chini yake, hasa mabondeni, na mji ulipata theluji tarehe 7 Agosti 2012 na tena tarehe 10 Julai 2023. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na hakuna bomba la alumini wala tangi la plastiki litakalobishana nayo. Mwenye pikapu aliyeongeza maji matupu tangu Januari anaingia Juni akiwa na mchanganyiko asioujua. Nusu kwa nusu ya kulanti na maji yaliyosafishwa hulinda hadi nyuzi 37 chini ya sifuri, kiwango ambacho Johannesburg haikifikii kamwe, na hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kadhaa. Nyuzi hizo, katika mji unaochemsha maji kwa 94, si za kudharauliwa.

Hoja ya pili ni ya dawa za kuziba: unga wa dukani, au zile za barabarani, ute wa yai na pilipili manga. Sizikatai kabisa. Aliyepasukiwa kati ya Musina na Beitbridge na familia imo garini ana haki ya kumwaga chochote kitakachomfikisha kwenye mji. Kosa ni kuifanya dawa ya njiani kuwa tiba. Kinachoziba ufa hakina macho ya kuchagua. Huziba pia vijia vyembamba vya kiini cha rejeta, kiini cha hita na tundu la thamostati. Rejeta ya pikapu iliyozeeka kwa kawaida imeshapoteza sehemu ya vijia vyake kwa kutu na magadi. Kuiziba zaidi ili isivuje ni kuiacha izuie maji yasitoke na wakati huohuo izuie joto lisitoke.

Ya tatu ndiyo iliyoenea kuliko zote Afrika Mashariki, na imesafiri na mafundi wetu hadi kusini: toa thamostati, maji yazunguke huru, injini ipoe. Inasikika kuwa na mantiki. Lakini thamostati nyingi za injini hizi zina sahani ya pili upande wa chini, ambayo kazi yake ni kufunga njia ya mkato injini inapopata moto, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi moja kwa moja, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Gari linalochemsha linaweza kuchemsha zaidi kwenye mwinuko. Asubuhi za baridi nazo injini ya dizeli hukaa muda mrefu chini ya joto lake la kazi, dizeli haiungui yote, moshi unaongezeka, na sehemu ya mafuta hayo huteremka kwenye oili na kuipunguzia uzito. Fundi aliyeitoa hakumdanganya mteja kwa makusudi. Aliona mshale wa geji umeshuka akaridhika. Lakini mshale ulioshuka si injini iliyo salama.

Kuna pingamizi moja ambalo nalikubali kwa sehemu kubwa. Pikapu na malori ya zamani zaidi yalikuja na rejeta za shaba, kiini na matangi yote, yaliyounganishwa kwa risasi. Rejeta ya namna hiyo ikivuja kwenye kiungo, huku vijia vyake vikiwa bado vizima, kuitupa ni hasara. Mtaalamu wa rejeta anaweza kulifungua tangi, kupitisha vyuma vyembamba kwenye vijia kusafisha magadi, akalehemu upya, na chombo kikarudi kazini kwa miaka mingine. Mara nyingi ni kizito na chenye kina kuliko kile chembamba cha alumini kitakachouzwa badala yake. Shaba yake pia ni mali, na wezi wanajua: Novemba 2022 serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku kusafirisha nje vyuma chakavu na shaba ili kupunguza wizi wa nyaya na miundombinu. Kwa hiyo mwenye rejeta ya shaba aende kwa mrekebishaji kwanza, na asimwachie mtu rejeta ya zamani bila kujua inakwenda wapi. Ila hoja hii haimhusu mwenye tangi la plastiki. Plastiki iliyochoka hailehemiki, na gundi itakayobandikwa juu ya ufa mmoja itaona ufa wa pili ukifunguka pembeni yake, kwa sababu tangi zima lina umri mmoja.

Sasa, kwa nini nyumbani? Karakana nzuri zipo Johannesburg, na mtu asiye na nafasi aende huko. Lakini karakana huagizwa kubadilisha rejeta, na hubadilisha rejeta. Mwenye gari anayeitoa kwa mikono yake analazimika kuugusa mfumo wote. Anaanza asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, kwa kuwa mfuniko ukifunguliwa wa moto maji hulipuka na kuunguza uso. Anafungua bomba dogo la chini na kukinga kulanti kwenye beseni, na rangi yake tayari inasema kitu: ya kahawia ina kutu, yenye mafuta juu ina habari mbaya. Anavua mpira wa juu na wa chini, na akiuminya kati ya vidole atasikia kama umelainika au una nyufa za ndani. Mpira wa chini aukague zaidi, maana uko upande wa kufyonzwa na ukilainika hujikunja na kufunga njia. Anatoa kava la feni, na hapo feni iko mbele yake: aizungushe kwa mkono. Feni yenye klachi ya mafuta inayozunguka huru bila upinzani wowote imekufa, na ingeendelea kuichemsha injini hata mbele ya rejeta mpya. Anaangalia mkanda, anautikisa mhimili wa wota pampu. Rejeta ikishatoka, mbele yake kuna kondensa ya kiyoyozi, ikiwa gari linacho, na mara nyingi imeziba kwa vumbi, mbegu za majani na wadudu wa barabara kuu. Uchafu huo hakuna aliyekuwa ameuona. Auondoe kwa maji ya taratibu na brashi laini, bila kulegeza bomba lolote la gesi.

Vitu hivi vyote viko ndani ya nusu mita moja, na hakuna ankara ya karakana itakayoviorodhesha. Hapo ndipo faida kubwa ya kazi ya nyumbani inapolala: mwenye gari anaondoka akijua hali ya kila kiungo kinachopoza injini yake, na rejeta mpya haiingii kwenye mfumo mgonjwa.

Rejeta mpya ilinganishwe na ya zamani kabla haijafungwa, zikilazwa sambamba chini: urefu, unene wa kiini, upande wa midomo ya mipira, matundu ya bolti, na kwa gari la gia otomatiki, midomo ya kupozea oili ya gia. Raba za chini zihamishwe au zinunuliwe mpya, kwani rejeta iliyokaa chuma kwa chuma itapasuliwa na mtikisiko. Mipira, klampu, thamostati na mfuniko vibadilishwe kwa pamoja. Ni vitu vya bei ndogo kwenye maduka kama Midas au AutoZone, na mfuniko uwe wa shinikizo lilelile lililoandikwa kwenye wa zamani. Thamostati ipimwe kabla haijafungwa, hata ikiwa mpya, kwa kuitundika kwa uzi ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko. Ya nyuzi 82 inapaswa kuonekana ikianza kuachia karibu na joto hilo na kufunguka sana maji yanapochemka. Johannesburg maji yatachemka kwa 94, na thamostati nyingi za aina hii zinafunguka kikamilifu kwa 95, kwa hiyo asishangae akiona imebakiza kidogo sana.

Kujaza ndiko kunakoharibu kazi nzuri. Kwanza injini isafishwe kwa maji hadi yanayotoka yawe meupe. Halafu kulanti imiminwe polepole, hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho wa moto na pua ya gari ikiwa imeinuliwa kidogo, ili hewa ipande kwenye shingo ya rejeta. Injini iwashwe mfuniko ukiwa wazi, mipira iminywe kwa mkono, na kiwango kiongezwe kadiri mapovu yanavyotoka, mpaka thamostati ifunguke na mpira wa chini upate moto. Hewa iliyobaki kwenye hedi ina hatari ileile ya ufa uliokuwapo, na kwa siku chache zinazofuata kiwango kikaguliwe kila asubuhi. Aina za kulanti zisichanganywe: ya kijani ya zamani hudumu miaka 2 hivi, za dawa za asidi hai hufika 5, na zikikutana hupunguziana nguvu.

Atakayeuliza habari ya dhamana ana haki. Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya Afrika Kusini, namba 68 ya 2008, inampa mteja dhamana ya angalau miezi mitatu kwa spea mpya iliyofungwa na karakana na kwa kazi yenyewe. Anayefunga mwenyewe anaikosa dhamana ya kazi. Lakini sheria hiyohiyo inampa mnunuzi wa bidhaa miezi sita ya kuirudisha ikiwa ina kasoro, mradi hakuiharibu wala kuibadilisha mwenyewe. Risiti itunzwe. Na anayeamua kwenda karakana ajue kifungu cha 67: karakana inatakiwa kumhifadhia spea zilizotolewa na kumrudishia, isipokuwa akizikataa. Azichukue, aziangalie. Wanaosema kwamba kujifanyia kazi ni kumnyima fundi riziki wanasahau kwamba pampu ya dizeli, hedi na gia bado ni zake, na mteja anayejua gari lake humletea fundi maelezo yaliyonyooka na kulipa bila ubishi.

Pingamizi zito kuliko yote si la fedha. Kulanti ya kawaida ina ethilini glikoli, sumu inayoharibu figo, na ladha yake ni tamu. Mbwa huilamba, na mtoto anaweza kuionja. Beseni lililoachwa uani usiku mmoja ni hatari kuliko rejeta iliyopasuka. Wala mfereji wa barabarani si mahali pa kuimwaga. Johannesburg imekaa juu ya mgongo wa Witwatersrand unaogawa maji ya bara: mfereji wa Bertrams unaingia mto Jukskei, unapita Alexandra, unafika bwawa la Hartbeespoort, na kwa njia ya mito Crocodile na Limpopo unaishia Bahari ya Hindi nchini Msumbiji. Mifereji ya Soweto inakwenda mto Klip, kisha Vaal, na mwisho Bahari ya Atlantiki. Mji huu hauna mto mkubwa wake wenyewe. Maji yake ya kunywa husukumwa na Rand Water, shirika la tangu 1903, kutoka Vaal, mto ambao huongezewa maji ya milima ya Lesotho. Anayemwaga kulanti mtaroni anaitia kwenye maji ya watu wengine, na baadhi yao hunywa moja kwa moja mtoni. Pingamizi hili halijibiwi kwa maneno, linajibiwa kwa dumu lenye kifuniko, lililoandikwa SUMU, lipelekwe kwa karakana inayokusanya taka za aina hiyo. Asiye tayari kufanya hivyo asiianze kazi.

Na wapo wasio na ua, wanaoishi ghorofani Hillbrow au wanaoegesha barabarani. Kwao ushauri wa kufanya wenyewe haufai, na kufungua boneti gizani pembeni ya barabara ni kujitafutia balaa. Waende kwa mtaalamu wa rejeta, lakini waende na maswali: hedi imepimwa gesi? Thamostati imerudishwa? Mfuniko ni wa shinikizo gani? Ni kulanti gani iliyowekwa, na kwa kiasi gani?

Baridi ya Johannesburg hufika Juni. Wewe mwenye Hilux au KB ya zamani, Jumamosi moja ya Mei fungua boneti kabla hujawasha injini, uangalie mstari wa meno ya alumini na shingo ya mpira wa juu. Ukiona ukoko, usiahirishe na usiongeze maji. Badili rejeta, na thamostati uirudishe mahali pake.